Jeni Huingiaje Kwenye Punje, na kwa Mikono ya Nani?

Mahindi ya MON810, ambayo Kenya imeyabishania serikalini, magazetini na mahakamani kwa miaka mingi, hayakuzaliwa Kitale wala Katumani. Jeni inayoyakinga dhidi ya bungua ilichukuliwa kwa bakteria wa udongoni, ikaingizwa huko Marekani katika mahindi ya maabara yaitwayo Hi II. Iliingia kwa kufyatuliwa: chembe ndogo mno za metali zilipakwa DNA, zikarushwa kwa kasi hadi zikapenya ndani ya seli. Baada ya hapo ndipo watafiti walipoihamisha, kwa uchavushaji wa kawaida wa kizazi baada ya kizazi, hadi ikafika kwenye mahindi yanayofaa mashamba ya Afrika.

Nalisema hili mapema kwa sababu mjadala wetu kuhusu mbegu zilizobadilishwa vinasaba umesimama juu ya maswali mawili tu. Je, ni salama? Je, tuziruhusu? Ni maswali halali, na sina nia ya kuyadharau. Lakini liko swali linaloyatangulia ambalo karibu hatuliulizi: jeni huingiaje ndani ya mmea wa nafaka, na ni nani mwenye mikono, vifaa na haki ya kuiingiza? Msimamo wangu ni kwamba nchi isiyoweza kuifanya kazi hiyo kwa mbegu zake yenyewe haina uamuzi kamili juu ya mbegu hizo. Ikiruhusu, inapokea walichochagua wengine. Ikikataza, inakataa walichochagua wengine. Huku na huku, mtama wetu na ulezi wetu hubaki bila msemaji.

Nafaka ziligoma

Kuhamisha jeni kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine si jambo lililobuniwa na binadamu. Mwaka 1907 Erwin Smith na Charles Townsend walionyesha kwamba uvimbe unaoota kwenye mashina ya mimea mingi huletwa na bakteria wa udongoni, ambaye baadaye alikuja kuitwa Agrobacterium tumefaciens. Ikachukua miongo mingi kujua anafanya nini hasa, kwa maana mmea uliendelea kuvimba hata bakteria mwenyewe alipokwisha kuondolewa. Mwaka 1974 kundi la Jeff Schell na Marc Van Montagu mjini Ghent, Ubelgiji, liligundua kwamba siri imo katika duara la DNA lililo kando ya kromosomu ya bakteria huyo. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake mjini Seattle, Marekani, wakathibitisha kwamba kipande cha duara hilo huhamia ndani ya seli ya mmea. Bakteria huupa mmea maagizo mapya, nao humtengenezea chakula asichoweza kukila kiumbe mwingine kwa urahisi.

Walipolijua hilo, wanasayansi waliondoa jeni za uvimbe, wakaweka walizozitaka, wakamwachia bakteria kazi ya kuzifikisha. Mwaka 1983 makundi kadhaa ya Ulaya na Marekani yalitangaza mimea ya kwanza iliyopata jeni kwa njia hiyo, tumbaku na petunia zikiwa za mbele.

Nafaka hazikukubali. Mpunga, ngano, mahindi, mtama, shayiri na ulezi, mazao yanayobeba sehemu kubwa ya chakula cha dunia, ni ya jamii ya nyasi, na bakteria yule kwa kawaida hayashambulii. Tumbaku ikijeruhiwa hutoa kemikali zinazomwamsha bakteria, na seli za pembeni mwa jeraha huanza kugawanyika na kupokea. Jeraha la nyasi halijibu hivyo. Na hata jeni ikishaingia, kazi inakuwa imefika nusu. Nusu iliyobaki ni kuifanya seli hiyo moja iote tena, iwe mmea kamili, itoe mbegu. Mwaka 1988 mahindi ya kwanza yaliyoingizwa jeni kwa mshtuko wa umeme, katika seli zilizovuliwa kuta zake, yaliota lakini hayakuweza kuzaa. Mahindi yasiyotoa mbegu hayamfai mkulima kwa lolote.

Ndipo ikaja bunduki. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, John Sanford, Edward Wolf na Nelson Allen walijaribu kufyatua vumbi la tangsteni kwenye vitunguu, na mwaka 1987 wakatangaza kwamba seli hupona kishindo na kuisoma DNA iliyobebwa na chembe zile. Kifaa hicho hakikujali kama mmea ni tumbaku au nyasi. Mwaka 1990 makundi mawili ya Marekani yalipata mahindi yenye jeni mpya na yenye uwezo wa kuzaa. Ngano ikafuata mwaka 1992, mtama mwaka 1993, shayiri mwaka 1994. Lakini ufyatuaji hauna adabu. Jeni huweza kuingia nakala nyingi kwa mkupuo, nyingine zimekatika, nyingine zimepinduka, na mtafiti hulazimika kuchambua mamia ya mimea ili apate mmoja uliotulia.

Mwaka 1994 kundi la Yukoh Hiei, Toshihiko Komari na wenzao katika kampuni ya Japan Tobacco lilirudi kwa bakteria na kumshawishi aingie kwenye mpunga. Walimpa kemikali ileile ambayo mmea uliojeruhiwa ungemwamsha nayo, wakampelekea tishu changa zinazogawanyika kwa kasi. Mwaka 1996 wakafanya hivyo kwa mahindi. Tangu hapo njia ya bakteria imekuwa chaguo la kwanza la maabara nyingi, kwa sababu mara nyingi huacha nakala moja au chache, tena nzima.

Kazi ya mikono

Anayesikia maneno “uhandisi jeni” huwaza mashine kubwa. Ukweli ni kwamba kazi hii, kwa upande wa nafaka, hutegemea mikono kuliko mashine. Mahindi hupandwa kwenye banda la kioo ambamo joto, mwanga na maji havibadilikibadiliki. Siku kumi hadi kumi na tano hivi baada ya uchavushaji, gunzi huchumwa, husafishwa kwa dawa, vichwa vya punje hukatwa kwa kisu kikali, na kwa ncha ya kifaa kidogo kiinitete huchokolewa kutoka kila punje. Urefu wake ni milimita moja na nusu hadi mbili. Kikiwa kichanga mno hufa, na kikipitiliza umri kidogo tu hakizai tena donge la seli litakalochipua.

Viinitete hivyo huchovywa kwenye maji yenye bakteria, kisha hulazwa juu ya chakula cha maabara upande ufaao ukitazama juu. Baada ya siku chache bakteria huuawa kwa dawa. Seli zilizopokea jeni hutengwa na zisizopokea kwa kemikali ya kuchuja, kisha hubembelezwa kwa homoni hadi zichipue, zitoe mizizi, zihamishiwe kwenye chungu. Huchukua miezi. Umeme ukikatika usiku mmoja chumba kikapata joto, au fangasi wakaingia kwenye sahani, miezi hiyo imepotea. Fundi mzoefu hupata mimea mingi pale ambapo mgeni hukosa hata mmoja, ingawa wote wawili wamesoma mwongozo uleule. Ujuzi huu haununuliwi ukaletwa kwa meli. Hukaa kwa watu, na watu wakiondoka, maabara hubaki na majokofu.

Mbegu iliyokubali na mbegu iliyosahauliwa

Hapa ndipo siasa inapoingilia sayansi bila kupiga hodi. Si kila aina ya zao hukubali kuota upya kutoka kwenye seli. Kwa miaka mingi mahindi ya A188, aina ya Marekani isiyo na thamani kubwa shambani, ndiyo yaliyotawala maabara kwa sababu tu viinitete vyake huchipua kwa urahisi, na Hi II ni uzao wake. Ngano ina Fielder na Bobwhite. Shayiri ina Golden Promise. Mpunga una Nipponbare. Mtama una Tx430. Majina hayo mkulima wa Singida au Machakos hayajui, lakini yameamua mengi juu ya kile alicholetewa na kile ambacho hakuletewa.

Utaratibu umekuwa huu: jeni huingizwa kwenye aina inayokubali, kisha huhamishwa kwa kuchavusha na kurudia kuchavusha, vizazi vitano, sita au zaidi, hadi ifike kwenye aina inayotakiwa. Kampuni yenye soko kubwa la mahindi chotara huweza kusubiri na kulipa. Mtama na ulezi vina hali tofauti. Mazao haya kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe, hivyo mkulima hutunza mbegu msimu hadi msimu, na kampuni haioni faida yake itatoka wapi. Mtama una kikwazo kingine cha kimaabara: tishu zake hutoa kemikali zinazougeuza mlo wa maabara kuwa mweusi na kuziua seli zenyewe. Zao lililoanza kufugwa kaskazini-mashariki mwa Afrika, linalostahimili ukame kuliko mahindi, limekaa nyuma ya foleni kwa miongo kadhaa, na sababu si kwamba halihitaji kuboreshwa.

Mlango huo mgumu umeanza kulegea. Mwaka 2016 watafiti wa DuPont Pioneer, wakiongozwa na Keith Lowe na William Gordon-Kamm, walionyesha kwamba jeni mbili za ukuaji, Baby boom na Wuschel2, zikitumika kwa muda, huwezesha aina za mahindi zilizokuwa zikigoma ziote upya. Gordon-Kamm huyo ndiye aliyeongoza mojawapo ya makundi ya mahindi ya mwaka 1990, na alikuwa bado anapambana na tatizo lilelile robo karne baadaye. Mwaka 2020 kundi la Jorge Dubcovsky katika Chuo Kikuu cha California, Davis, lilitumia muungano wa jeni mbili nyingine, GRF4 na GIF1, kuifanya ngano ikubali kwa wingi zaidi. Kwa mara ya kwanza inawezekana kuanza na aina anayoipenda mkulima badala ya aina iliyoizoea maabara.

Afrika Mashariki haijakaa tu ikitazama. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, maabara iliyojengwa na Profesa Jesse Machuka ilitumia miaka kutafuta aina za mahindi ya kitropiki zinazoweza kupokea jeni kwa njia ya bakteria, na mwaka 2010 matokeo yakachapishwa. Chuoni hapohapo Profesa Steven Runo anashughulika na kiduha, gugu linalonyonya mtama na mahindi kupitia mizizi. Mmea mmoja wa kiduha hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo huweza kulala udongoni miaka kumi na zaidi zikingoja. Haziamki mpaka zipate kemikali inayotolewa na mzizi wa nafaka. Ipo mitama ya asili iliyopoteza jeni iitwayo LGS1, na mizizi yake hutoa kemikali ya aina nyingine isiyoziamsha vizuri mbegu za kiduha. Runo na wenzake wanataka kuuleta upotevu huo wa asili kwenye mitama ya wakulima kwa kutumia CRISPR, chombo kinachokata DNA mahali palipochaguliwa. Kazi hiyo haingeanzishwa na kampuni ya Iowa, Marekani, kwa kuwa kiduha hakili mashamba ya Iowa.

Lakini CRISPR haijaliondoa tatizo la njia. Chombo cha kukata nacho lazima kifikishwe ndani ya seli, kwa bakteria au kwa bunduki, na seli lazima iote upya. Tuliliona hili kwenye ugonjwa wa virusi vya mahindi uitwao MLN, ulioonekana Bomet mwaka 2011 na kukausha mashamba ya mahindi ndani ya msimu mmoja. Uvumilivu wa ugonjwa huo ulipatikana kwa uzalishaji wa kawaida wa mbegu, tena kwa juhudi kubwa za taasisi za utafiti wa kilimo, KALRO ya Kenya na CIMMYT ya kimataifa, ambazo mwaka 2013 zilifungua kituo cha kupima mbegu huko Naivasha. Ilipofika hatua ya kuhariri jeni za mistari bora ya mahindi ya Afrika bila kurudia uchavushaji wa miaka, mshirika wa lazima alikuwa Corteva, kampuni ya Marekani yenye vyombo na hataza. Siilaumu kampuni kwa kushiriki. Najiuliza tu ingekuwaje kama isingetaka.

Hofu zilizo na msingi

Wapo watakaoniambia kwamba njaa yetu haitokani na upungufu wa jeni. Nakubaliana nao zaidi ya wanavyodhani. Mahindi yanayooza ghalani, mbolea inayochelewa, bwana shamba asiyefika kijijini na barabara inayokatika masika huumiza wakulima wengi kuliko ukosefu wa maabara. Anayeahidi kwamba jeni moja itafuta umaskini anadanganya. Ila kiduha hakiondolewi na barabara nzuri, na virusi vya mahindi havisubiri ghala lijengwe.

Wapo wanaohofia kwamba mkulima atafungwa kwenye hataza za wenye kampuni. Hofu hii ina ushahidi. Mchele wa dhahabu, uliotengenezwa na Ingo Potrykus na Peter Beyer na kutangazwa mwaka 2000 ili kupunguza upungufu wa vitamini A, ulipochunguzwa kisheria ulikutwa umeguswa na haki zipatazo 70 za wamiliki 32. Wamiliki walikubali kulegeza madai yao kwa wakulima maskini, lakini zao la chakula halipaswi kutegemea huruma. Kwa upande mwingine, hataza nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zimekwisha muda. Njia ya bakteria ya miaka ile sasa ni ya mwenye kujua kuitumia. Zilizo mpya, zile zinazofungua aina ngumu, bado zina wenyewe, na wakati wa kujadiliana nao ni sasa, nchi zikiwa pamoja, kabla kila wizara haijasaini mkataba wake pembeni.

Na wapo wanaouliza juu ya usalama. Njia ya kuingiza jeni inastahili kuchunguzwa: ilitua wapi, nakala ngapi, ilivunja nini. Lakini maswali mazito kuliko yote ni ya hapa nyumbani. Mtama una ndugu zake wa porini katika ukanda wetu, nao huchavushana. Jeni iliyowekwa kwenye mtama wa shamba inaweza kufika kwenye mtama mwitu wa kando ya barabara. Ikiwa ni jeni ya kustahimili ukame, itafanya nini huko? Mtafiti wa nje hawezi kutujibia swali hilo. Linahitaji watu wanaozijua mbegu zetu, pori letu na misimu yetu, wenye uwezo wa kupima wenyewe bila kutegemea ripoti ya muuzaji. Kwa hiyo hata mwenye kuzipinga mbegu hizi kwa dhati anazihitaji maabara hizi, kwa kuwa pingamizi lisilo na vipimo hushindwa na kabrasha la kampuni.

Tanzania imetupa mfano wa gharama ya kuyumba. Mwaka 2016 majaribio ya mahindi ya kustahimili ukame yalianza Makutupora, Dodoma, chini ya mradi ulioanza mwaka 2008 ukihusisha nchi tano. Mwaka 2018 serikali ikaamuru yasitishwe, na mwaka 2021 wizara ikatangaza kuyafuta. Serikali ina haki ya kusema hapana. Lakini hapana inayotolewa kabla ya matokeo kukamilika na kuchambuliwa hadharani hutuacha hatujui zaidi ya tulivyojua jana, na vijana waliofundishwa kazi hiyo hutafuta ajira kwingine.

Kinachotakiwa

Kwanza, Jumuiya ya Afrika Mashariki ichague maabara chache za umma za nafaka na kuzilisha kwa fedha za kudumu badala ya fedha za miradi ya miaka mitatu. Kila nchi kujijengea yake ni kutawanya watu wachache tulio nao. Moja ishike mtama na ulezi, nyingine mahindi, nyingine mpunga, na kila moja ifungue milango kwa watafiti wa jirani. Jenereta, maji safi na mafundi wa kudumu viandikwe kwenye bajeti kabla ya darubini mpya.

Pili, kazi ianze na aina ambazo wakulima tayari wanazipenda, na kipaumbele kiwe mazao yanayotunzwa mbegu nyumbani. Soko halitayaokoa mazao hayo. Ndiyo maana yanadai fedha ya umma.

Tatu, mbegu yoyote iliyobadilishwa, ya ndani au ya nje, iombewe kibali pamoja na maelezo ya Kiswahili chepesi: jeni ni ipi, ilitoka wapi, iliingizwa kwa njia gani, katika aina gani, nani anashika hataza, na mkulima anaruhusiwa kutunza mbegu au la. Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya Kenya ni ya mwaka 2009, na mwaka 2022 nchi hiyo ilitoa mwongozo wa kuhariri jeni. Msingi upo. Kilichokosekana ni mkulima kuelezwa kwa lugha anayoifahamu, tena mapema, si baada ya kesi kufika mahakamani.

Nne, jaribio lililoidhinishwa kisheria likamilishwe na matokeo yake yatangazwe, yawe mazuri au mabaya. Baada ya hapo wananchi na wawakilishi wao waamue wakiwa na kitu mkononi.

Sidai kwamba kila zao libadilishwe jeni. Huenda baada ya kuchunguza tukaona kwamba kwa ulezi uzalishaji wa kawaida unatosha, au kwamba hatari kwa mtama mwitu ni kubwa kuliko faida. Uamuzi huo utakuwa na uzito kwa sababu utatoka kwa watu wenye uwezo wa kufanya kinyume chake. Leo hatuna uhuru huo. Waziri wa fedha anapopanga makadirio yajayo, fungu la viinitete vya milimita mbili litaonekana dogo mbele ya ruzuku ya mbolea, na halitampa mwanasiasa jiwe la msingi la kuzindua. Liwekwe hata hivyo. Nafaka ndizo chakula chetu cha kila siku, na ujuzi wa kuzibadilisha, au wa kukataa kuzibadilisha kwa sababu tunazozijua, unapaswa kukaa kwetu.